Ngiri Alivyokagua Ghala la Pimbi

Hapo kale, kale ya mababu wa mababu, wanyama walipokuwa na nyumba, na majirani, na Baraza la kutunga sheria, alikuwapo Ngiri mmoja aliyeheshimika sana.

Msicheke. Najua Ngiri mnamwonaje: meno nje, vinundu usoni, mkia wima akikimbia. Lakini huyu alikuwa Mheshimiwa Ngiri, mjumbe wa Baraza la Bondeni, na akipita njiani hata Nyati alimpisha.

Jirani yake alikuwa Bi Nungu, mjane, aliyekaa na mwanawe mmoja tu, Kijiba. Mashimo yao yalichimbwa na Mhanga mmoja, yule mnyama fundi wa kuchimba, ukuta kwa ukuta, hivi kwamba Ngiri akikohoa Bi Nungu anasema pole kutoka upande wa pili.

Kijiba alikuwa bado mdogo. Miiba yake ilikuwa laini kama nywele. Kila asubuhi alitokeza pua shimoni na kupiga kelele, "Shikamoo, Baba Mkubwa!"

"Marahaba, mwanangu! Miiba imeota leo?"

"Bado!"

"Basi kula viazi, itaota!"

Na Ngiri alikwenda zake Barazani moyo mweupe, kwa sababu yeye hakujaliwa mtoto, na yule alimpenda kama wake.

Sasa sikilizeni jambo la miiba. Katika nchi yote ya Bondeni hapakuwa na silaha iliyoogopwa kama miiba ya nungunungu. Chui mwenyewe, pamoja na mabaka yake na maringo yake, akisikia *chakacha! chakacha!* ya Bi Nungu akitikisa mgongo, alisimama, akajilamba mdomo, akasema, "Ah, leo hata sina njaa," akapita mbali.

Ndiyo maana nchi jirani zikiwa na shida zilikuja Bondeni kuomba miiba. Serikali ilikuwa na mtu wake wa kazi hiyo, Nguchiro. Cheo chake kiliitwa Mpima Haja. Jirani akilia, Nguchiro anakwenda, anatazama, anarudi kusema jirani huyo anahitaji miiba kiasi gani.

Siku moja Nguchiro alirudi kutoka Majabalini, nchi ya Pimbi, huko kwenye miamba. Akaingia Barazani mbio, *puru-puru-puru*, vumbi mpaka kwenye kope.

"Waheshimiwa!" alilia. "Waheshimiwa, Pimbi wanakwisha!"

Spika wa Baraza alikuwa Kiboko. Alikaa majini, na wajumbe walikaa mchangani wakimzunguka. "Pfuuu!" akapumua. "Wanakwishaje?"

"Wanaliwa! Chui wa huko hawana haya. Nimewaona watoto wa Pimbi wanalala wamesimama, kwa hofu. Nimekagua ghala lao la silaha. Tupu! Hata mwiba wa kuchokolea meno hamna!"

"Loo!" wakasema wajumbe. Tembo alitoa chozi kubwa, na tone lake likamlowesha Swala aliyekaa chini yake.

"Wanahitaji kiasi gani?" akauliza Spika.

Nguchiro akashusha macho kwa unyenyekevu. "Nimepima na kupima tena. Tukitaka kuwasaidia kweli, inabidi kila nungunungu wa Bondeni atoe miiba yake yote ya mgongoni."

Yote? Hilo halijapata kutokea.

Lakini Bondeni kulikuwa na sheria nzuri, wajukuu zangu, sheria iliyotungwa na wazee waliojua kwamba anayepima peke yake hujipimia. Sheria ilisema: hakuna mwiba utakaovuka mpaka kabla Jicho la Baraza halijaingia katika ghala la mwombaji na kuona lenyewe. Na Jicho la Baraza alikuwa Ngiri. Maghala mengi ya jirani yalikuwa mashimo, na wajumbe wengine wasingeweza. Tembo angeingiza mkonga tu. Kiboko waliwahi kumvuta kwa kamba siku nzima, akatoka na mlango wa watu shingoni.

"Nitakwenda," akasema Ngiri, na meno yake yakang'aa juani.

Kabla hajaondoka, Bi Nungu alimletea viazi mwitu vya njiani, vimefungwa kwenye jani.

"Bwana Ngiri," akasema, "unajua miiba hiyo itatoka mgongoni kwa nani."

"Najua, Bi Nungu."

"Mimi sikatai kutoa. Pimbi naye ana watoto, na Chui namjua. Ikiwa kweli hawana kitu, nitakaa uchi kwa ajili yao mpaka mingine iote. Lakini uangalie, ndugu yangu. Uangalie vizuri."

"Mimi tena! Nitaingia mwenyewe mpaka ndani!"

Safari ikaanza. Nguchiro mbele, Ngiri nyuma, na njia nzima Nguchiro alikuwa akimvika kilemba cha ukoka.

"Nimetembea na wakaguzi wengi, Mheshimiwa," alisema, "lakini wewe! Hatua zako tu zinatisha. Pimbi wakikuona watajua Bondeni kuna Baraza."

"Ah, kazi tu," akasema Ngiri, lakini mkia ukasimama.

Walipofika Majabalini, Jumbe wa Pimbi, mkuu wao, aliwapokea kwa kilio. Wazee wa Pimbi walijipanga juu ya miamba, wamenyamaza, wanatazama. Nguchiro akamwongoza mgeni wake mpaka kwenye shimo kubwa kati ya mawe mawili.

"Hili ndilo ghala, Mheshimiwa. Ingia. Ingia kwa heshima zako."

Ngiri akasimama mlangoni.

Hapa inabidi niwaeleze mila ya ngiri, maana ndiyo iliyotuponza. Tangu enzi za babu zao, ngiri haingii shimoni kwa kichwa. Huingia kinyumenyume, makalio mbele, uso nje, ili meno yabaki mlangoni kumlinda. Mtoto wa ngiri akiingia kwa kichwa, mama yake humpiga kofi. Mtu mzima akiingia kwa kichwa, ni aibu isiyosemeka, ni sawa na mzee kukaa mezani bila nguo.

Nguchiro alilijua hilo. Alikuwa ameshamwona Ngiri akiingia nyumbani mara nyingi mno.

Nami nawaambia ukweli: Ngiri alifikiri. Alisimama pale akajiambia, "Lakini nikiingia kinyumenyume nitaonaje?" Wazo lenyewe lilimjia, safi kabisa. Kisha akainua macho, akaona wazee wa Pimbi wamejipanga wanamtazama, akaona Nguchiro ameinamisha kichwa kwa adabu, na akajiona yeye, Mheshimiwa, ameingia kwa kichwa, makalio yako nje mbele ya nchi ya kigeni.

Akageuka. Akarudi nyuma, *kwaru, kwaru, kwaru.*

*Chwa!*

"Ng'wiii!" akapiga kelele. "Kuna kitu kimenichoma!"

"Mbigili, Mheshimiwa!" akaitikia Nguchiro upesi. "Nyumba ya maskini unaijua. Hata wa kufagia hakuna, wote wako mazikoni."

Ngiri akasogea nyuma kidogo. *Chwa! Chwa!*

"Mbona mbigili nyingi hivi?"

"Ndivyo dhiki ilivyo! Unaona nini lakini, Mheshimiwa? Unaona silaha?"

Ngiri akatazama. Mbele yake aliona mlango, na mbingu, na uso wa Nguchiro.

"Sioni silaha," akasema.

"Hata mwiba mmoja?"

"Hata mmoja."

"Mmesikia?" Nguchiro akawageukia Pimbi. "Mheshimiwa ameingia mwenyewe, na haoni hata mmoja!"

Na nyuma ya Ngiri, wajukuu zangu, karibu kabisa na mkia wake, miiba ilirundikwa mpaka darini. Ilikuwa miiba ambayo Pimbi walikwisha kuiomba kutoka nchi nyingine kwa kilio kilekile. Jumbe wa Pimbi alikuwa amemwahidi Nguchiro mayai ya kwale, kapu kwa kila mzigo utakaovuka mpaka, na Nguchiro kwa mayai angemuuza hata shangazi yake.

Ngiri alirudi Bondeni. Barazani akasimama wima.

"Nimeingia," akasema. "Nimeingia kwa miguu yangu minne, mpaka ndani. Ripoti ya Mpima Haja ni sahihi."

Swala alinyoosha kwato. "Mheshimiwa, uliingia mpaka mwisho?"

Makalio yalikuwa bado yanamwasha Ngiri. Alijikuna kidogo kwenye kisiki. "Nilipofika, nilifika," akasema, na kwa kuwa alisema kwa sauti nzito, Swala akakaa.

"Pfuuu! Wanaoafiki?"

"Ndiyooo!"

Basi ikaanza kazi ya kung'oa. *Nyofo! Nyofo!* Nungunungu walijipanga tangu jua kuchomoza. Wa kwanza katika mstari alikuwa Bi Nungu. Miiba yake ilijulikana Bondeni nzima, kwa maana ncha zake zilipinda kidogo kama kulabu, ulemavu wa ukoo wao.

Kijiba alisimama kando ameziba macho kwa viganja, anachungulia katikati.

"Mama, inauma?"

"Kidogo."

"Baba Mkubwa, sasa watoto wa Pimbi watalala?"

"Watalala, mwanangu," akasema Ngiri. "Watalala wamejinyoosha." Na aliamini. Ndilo linaloniuma mimi katika hadithi hii, kwamba maskini aliamini.

Bi Nungu akatoka pale na mgongo mwekundu kama nyanya, anatembea taratibu, mwanawe amemshika mkono.

Haukupita muda mrefu. Ilikuwa mchana, jua kali, Baraza linajadili habari za kivuko, wajumbe wanasinzia. Ngiri akasikia yowe kutoka kwenye mashimo yao. Alilitambua. Aliruka juu ya mgongo wa Nyati, akakimbia mkia juu, *piti-piti-piti*, pumzi haitoshi.

Alimkuta Bi Nungu mlangoni kwake ameigeuzia hewa mgongo. Alikuwa anatikisika. Alitikisika kwa nguvu zake zote, huku na huku, kama mama zake walivyomfundisha, na hapakuwa na sauti yoyote. Hapakuwa na chakacha. Alama za miguu ya Chui zilikuwa zimekuja mpaka mlangoni na kuondoka.

Ngiri akatazama ndani ya shimo. Kijiba hakuwamo.

"Ameshakwenda, Bi Nungu," akasema Ngiri kwa upole. "Acha kutikisika. Ameshakwenda."

Ilimchukua muda mama yule kuacha.

Katika siku za matanga Ngiri alikaa naye, anachota maji, anapokea wageni. Bi Nungu hakumlaumu. Alisema neno moja tu, nalo alilirudia kwa kila aliyekuja kumpa pole: "Namshukuru Mungu watoto wa Pimbi wamepona. Angalau wao wamepona."

Ndipo siku moja Ngiri alipokwenda mtoni akamkuta Digidigi na jamaa zake wamelala kwenye matope, wamechoka hoi, damu miguuni. Digidigi walikuwa wakiishi ng'ambo ya Majabalini, kwenye chemchemi yao wenyewe. Hawakuwa na ugomvi na mtu.

"Jamani! Nani amewafanya hivi?"

"Pimbi," akasema Digidigi. "Wameitaka chemchemi. Wamekuja na miiba, wengi, wengi, wametutoa."

"Pimbi hawa hawa? Si wanaliwa na Chui?"

Digidigi alimtazama kama anayemtazama mgonjwa. "Chui gani, Mheshimiwa? Majabalini Chui hathubutu kupita. Ghala la Pimbi limejaa miiba tangu zamani, limejaa mpaka darini. Ukichungulia tu unaiona. Sasa hawa waliowaongezea mingine, sijui walikuwa wanafikiri nini."

Ngiri alimwinamia Digidigi, akauma mwiba uliokuwa umebaki pajani mwake, akauvuta, *nyofo*. Akautema mchangani. Ncha yake ilipinda kama kulabu.

Palepale makalio yakamwasha, ingawa vidonda vyake vilishapona.

Alikaa pale mtoni mpaka kivuli chake kikarefuka. Aliutazama mwiba, akayatazama maji. Maji yalikuwa yanakwenda kasi, angeweza kuutupa humo, na hapakuwa na shahidi ambaye angejali. Lakini alimkumbuka Bi Nungu akisema angalau wao wamepona, na akaona hawezi kuishi ukuta kwa ukuta na neno lile. Akauchukua mwiba, akaupeleka kwa Bi Nungu, akauweka mbele yake. Akamweleza habari za Digidigi, bila kupunguza.

Bi Nungu aliugeuza ule mwiba, akaugeuza tena. "Twende Barazani," akasema.

Baraza likajaa. Nguchiro akaitwa, akaja anajifuta kiini cha yai mdomoni.

"Nguchiro!" akanguruma Spika. "Ulisema ghala tupu!"

"Nilisema, Mheshimiwa Spika," akajibu Nguchiro, hana hata wasiwasi. "Mimi ni Nguchiro, mtu mdogo, naweza kukosea. Naweza hata kuhongwa, nani anajua? Si ndiyo maana mna sheria? Si ndiyo maana mkatuma Jicho? Jicho likaingia, likasema sioni hata mmoja. Mimi nimebaki na kosa gani ambalo si lenu?"

Wajumbe wote wakageuza shingo, wakamtazama Ngiri.

Bi Nungu akasimama katikati ya mchanga, mgongo wake wazi, na vidoa vidogo vyeusi mahali miiba mipya ilipokuwa inaanza. Akauliza taratibu, "Bwana Ngiri. Ulipokuwa ndani ya ghala la Pimbi, uliona nini?"

"Niliona... niliona nje."

"Nje?"

"Niliingia kinyumenyume, Bi Nungu. Kama tunavyoingia sisi."

Tembo akaanza, *hwo! hwo!* halafu Nyati, halafu Baraza zima likaangua kicheko, "Kwa! Kwa! Kwa! Jicho la Baraza, kumbe liko makalioni!" Kiboko alicheka mpaka maji ya mto yakapanda ukingoni. Waligaragara mchangani. Hata Swala alicheka.

Katika kicheko hicho Nguchiro alipita chini ya tumbo la Nyati, *chwii!* akaingia majanini, akapotea. Hakukamatwa. Nasikia yuko nchi nyingine, amepewa cheo kilekile, na anasifiwa.

Bi Nungu hakucheka. Alitoka Barazani peke yake. Ngiri akamfuata, akamkuta njiani.

"Bi Nungu, nisamehe. Nilidanganywa. Nguchiro ni mjanja, amedanganya wengi..."

"Sikukasirikii kudanganywa," akasema Bi Nungu, bila kusimama. "Angenidanganya hata mimi. Niambie kitu kimoja. Ulipokuwa mle ndani, miiba haikukuchoma?"

Ngiri angeweza kusema hapana.

"Ilinichoma," akasema.

"Ukadhani ni nini?"

"Aliniambia ni mbigili."

"Sikukuuliza aliyokuambia. Nimeuliza wewe ulidhani nini."

Ngiri alitazama chini. "Nilitaka kugeuka nione," akasema. "Niliona haya. Walikuwa wananitazama."

Hapo Bi Nungu akasimama. Alimtazama kwa muda, macho makavu, kama anayemtafuta mtu aliyemjua zamani. Kisha akasema, "Mwanangu amekufa kwa sababu uliona haya kugeuka," akaendelea na njia yake, na Ngiri akabaki palepale njiani.

Basi, ukitumwa ukawatazamie wenzako, tazama kweli, hata kama utachekwa.